Paka wa Njeri

Juzi mjukuu wangu aliniletea paka wawili nyumbani, ndani ya sanduku la plastiki lenye dirisha la wavu, utadhani wanapanda ndege. Amewachukua mahali fulani Nairobi wanapookota paka waliotupwa, na anasema kabla hujapewa hata mmoja unaulizwa maswali kama mtu anayeposa binti wa watu: unakaa wapi, una mbwa, utamlisha nini. Nikamwambia, "Na mahari umelipa?" Akacheka, kisha akanipa masharti. Wakae chumba kimoja kwanza, nisiwashikeshike, nisiwalazimishe, watazoea wenyewe. Nikaitikia kila neno, na alipotoka tu nikaenda jikoni nikachota samli kijikoni nikaiweka motoni iyeyuke. Mkono ulikwenda wenyewe. Harufu ilipopanda nikazima jiko, nikaketi kwenye kigoda nikalia, mtu mzima mimi na meno yangu ya kununua.

Kwetu paka mgeni alikuwa akipakwa samli miguuni. Ndivyo Mama alivyoikuta desturi hiyo kwao Mombasa, na ndivyo alivyokuja nayo Nakuru Baba alipohamishwa na kazi ya reli. Unamleta paka ndani ya kikapu kilichofunikwa asiione njia, unafunga mlango, unampaka samli nyayo zote. Paka hawezi kuvumilia miguu michafu, basi ataketi ajilambe. Mama alisema akishamaliza kujilamba huwa amekwisha kuila harufu ya kwao, na kuanzia hapo kwao ni kwako. Mimi niliamini hivyo kabisa, kama nilivyoamini kila alichosema Mama.

Tulikaa Bondeni, kwenye vyumba vya mabati vilivyotazamana, bomba moja katikati. Wakati wa kiangazi upepo ukitoka ziwani ulileta vumbi jeupe la magadi, likaingia machoni, likaingia kwenye unga, na kina mama wakasuta ziwa zima kama vile ni jirani mchafu. Mlango uliotazama wetu ulikuwa wa Mama Njeri. Aliuza mboga sokoni, mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, na mumewe alikuwa amekwisha kuchukuliwa na askari kwenye shamba la mzungu alikofanya kazi, upande wa Subukia. Njeri alikuwa rika langu. Tulikuwa tunachota maji pamoja, tunachapwa pamoja, na tukinuniana hatukuweza kufika jioni.

Paka alikuwa wake Njeri. Alimwokota jalalani nyuma ya soko, kitoto kisichofika kiganja, akamlea kwa uji. Alikuwa mweusi wote isipokuwa kifuani, peupe kama shati lililopigwa pasi, kwa hiyo Njeri akamwita Karani. Na kweli alikuwa karani. Alikaa mlangoni akiwatazama watu kama wote wamekosea kitu, na kazi hafanyi. Kwao alikula ugali na kabichi. Mama alisema tangu azaliwe hajaona paka anayekula kabichi, akawa anamwita Njeri aje na paka wake ili wageni wajionee.

Ikaja Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikawa inawasaka Wakikuyu, na asubuhi moja tuliamshwa na malori. Askari walipita mlango hadi mlango wakiuliza kabila. Kwetu Baba alijibu, akaonyesha kitambulisho chake cha reli, wakapita. Kwa kina Njeri hawakuuliza, walijua. Mama alinishika gauni kwa nyuma nisitoke, lakini mlango ulikuwa wazi na niliona yote. Mama Njeri alitoka na sufuria moja na blanketi, ameamriwa achukue anachoweza kubeba. Njeri alikuwa amevaa sweta ya shule, na Karani alikuwa ndani ya sweta, kichwa kimetokeza shingoni.

Askari mmoja, kijana tu, akamwambia, "Hapana. Mnyama hapana."

Njeri hakubishana. Alivuka akaja mlangoni kwetu, akamtoa paka, akanipa mikononi. "Nishikie," akasema. Alisema vile vile alivyokuwa akisema pale bombani akinipa ndoo yake aende kujisaidia. Halafu akakimbilia lori, maana mama yake alikuwa amekwisha kupandishwa na yeye aliogopa kuachwa.

Sikumweka Karani chini mpaka adhuhuri. Mikono iliniuma, yeye akanikwaruza, lakini niliambiwa nishike nami nilishika. Nilimwuliza Mama wamepelekwa wapi.

"Kwao," akasema Mama.

Neno hilo lilinituliza moyo. Kwao nilikujua, si ndiko sisi tulikokwenda Baba akipata likizo? Kwetu kulikuwa na nyanya aliyenifichia visheti chini ya kitanda, kulikuwa na kulala mpaka jua lichome, na hakuna aliyekutuma maji. Nikajua basi Njeri ana nyanya yake huko, ana ng'ombe, anakunywa maziwa mpaka tumbo linauma. Hakuna aliyenieleza kwamba Njeri alizaliwa pale pale Bondeni, kwamba huko alikopelekwa hakuwa amefika hata siku moja. Ningalijuaje? Mimi nilimwonea wivu. Nasema kweli, nilimwonea wivu mtoto yule.

"Na huyu?" nikauliza.

Mama akamtazama Karani. "Huyu ni amana," akasema. "Amana haiwi yako hata ukikaa nayo mpaka ukaota mvi. Unailinda, unailisha kabla hujala wewe, na mwenyewe akirudi unampa mkononi."

Kutwa ile tulisikia paka wakilia kwenye vyumba vilivyofungwa. Watu walichukuliwa, milango ikatiwa kufuli, paka wakabaki ndani na nje, wengine juu ya mabati. Mama alivumilia siku ya kwanza. Siku ya pili akachukua kikapu chake cha sokoni, akatia kanga ya kufunikia, akatoka. Alirudi na jike la kijivu lenye mimba. Kesho yake akarudi na kipofu wa jicho moja, na baadaye wengine wawili waliokuwa wakipigania mfupa kwenye mtaro. Kila mmoja alimfungia chumbani, akampaka samli, na mimi nikaketi mlangoni nikiwasikia wanavyojilamba, ulimi unakwaruza kama mtu anayesugua chungu kwa mchanga. Chumba kizima kilinuka samli na mkojo. Baba alirudi kutoka safari ya Kisumu akasimama mlangoni na mfuko wake wa samaki, paka wote wakamgeukia.

"Mama Zuhura," akasema, "nimeoa mke mmoja au nimeoa soko?"

"Ingia ule," Mama akamjibu.

Jirani zetu walisema mengi. Siku zile kuwa na chochote cha Mkikuyu kulitia watu hofu, na mzee mmoja aliyeuza mkaa alimwambia Mama, nusu mzaha nusu onyo, kwamba serikali itakuja kuwachukua wale paka pia. Ndipo nilipojua kwamba hata paka wana kabila. Mama alimwambia awaulize basi wenyewe, kama wanajua kusema, iwapo wamekula kiapo cha waasi. Mimi nilicheka. Leo nafahamu kwamba Mama alikuwa akiogopa kweli, na aliendelea hata hivyo. Kwa watu hakuweza kufanya lolote, basi alifanya kwa paka wao.

Lakini Karani sikukubali apakwe samli. Nilimficha chini ya kitanda, nikalia, nikamwambia Mama kama ni amana mbona tumsahaulishe kwao? Njeri akirudi akamkuta paka amemsahau, nitamwambia nini? Mama akalifunika kopo la samli. Akasema haya, muache, tutaona.

Tukaona. Karani hakukaa kwetu hata kidogo. Alikula, na samaki alijifunza upesi kuliko nilivyojifunza mimi kusoma, lakini akimaliza kula alivuka kiwanja akaenda kuketi kwenye kizingiti cha mlango ule wenye kufuli. Mvua ilinyesha yupo. Jua liliwaka yupo. Nikitoka madrasa nilikwenda kumchukua, nikamrudisha, nikageuka, akawa amekwenda tena. Nilizoea kuketi naye pale. Nilimwambia kwamba Njeri anastarehe huko kwao, amenenepa, ametusahau mimi na wewe, hata salamu hakuna. Nilikuwa na hasira na Njeri. Nilipanga kabisa jinsi nitakavyomnunia akirudi, kabla ya kumpa paka wake.

Kufuli likaja kuvunjwa. Chumba walipewa watu wengine, mume na mke na kitoto kichanga, watu wa heri tu, nao walikuwa wametafuta nyumba muda mrefu. Lakini Karani hakuelewa habari ya kupangisha. Yeye aliona mlango wake umefunguliwa, akaingia. Walimfukuza, akaingia. Walimtupia kiatu, akaingia kwa dirishani. Siku moja akala nyama yao ya Jumapili, na yule mama, mwenye mtoto mgongoni na uchovu wake, akammwagia maji yaliyokuwa yakichemka jikoni.

Nilimpata chini ya karo la kuoshea vyombo pale bombani. Ngozi ya mgongo ilikuwa imetoka kama ganda la kiazi cha kuchemsha. Hakulia, alitetemeka tu. Nilimbeba nikamlaza mapajani mwa Mama, na Mama akaleta mafuta na kitambaa safi, akamfunga jeraha. Kisha akafungua kopo la samli akaliweka mbele yangu.

"Mpake miguu," akasema.

"Si wetu."

"Najua si wetu."

"Njeri akirudi."

"Zuhura, nitazame. Karani akirudi pale mlangoni mara moja nyingine watamuua. Utampa Njeri ngozi? Mpake."

Nilimpaka mwenyewe. Mama angeweza kunifanyia lakini hakutaka, alisema amana ni yangu. Nilimpaka unyayo mmoja mmoja, samli ikayeyuka vidoleni mwangu, nikilia mpaka kamasi zikadondoka. Karani aliketi, akainua mguu, akaanza kujilamba. Kila alipolamba mimi niliona jina la Njeri linapungua. Nilitaka kumzuia. Alipomaliza akajikunja kwenye kanga ya Mama akalala, na alipoamka alikwenda mlangoni, akachungulia nje, akarudi ndani. Tangu siku hiyo hakuvuka tena kiwanja. Jeraha likapona, manyoya yakaota meupe mgongoni, akanenepa, akawa mkubwa wa wenzake wote na mwenye maringo. Watu walimsifu. Mimi kila walipomsifu nilijiona mwizi, na sikumwambia mtu.

Muda ukapita. Wale paka wengine wakazaa, wakagawiwa watu, mmoja akaliwa na mbwa. Mimi nikaanza kufunga Ramadhani nzima bila kudokoa, nikaota meno ya mbele, nikawa najua kusuka ukili wa mkeka. Wakikuyu wakaanza kurudi mjini kidogo kidogo, wenye ruhusa. Kila nilipowaona watu wageni na mizigo nilikimbia kutazama. Nilikuwa nimekwisha kusamehe habari ya salamu. Nilitaka tu arudi, nimpe paka wake, nimweleze ukweli wa samli, na anitukane kama anataka.

Akaja mama yake. Ilikuwa alasiri, Mama alikuwa akichambua mchele mlangoni. Mwanamke mmoja mwembamba akasimama kando ya bomba, kitambaa kichwani, kikapu kitupu mkononi, akikitazama chumba cha mbele yetu na nguo za watu wengine zilizoanikwa. Aligeuka akasema hodi. Mama alimkaribisha kama unavyomkaribisha mtu usiyemjua, kisha ungo ukamtoka mikononi, mchele wote chini.

Mimi nilimtambua kwa mikono. Na nilipomtambua sikumngoja hata aketi, nilitoka mbio nje, kwa sababu nilijua Njeri alipo. Alikuwa na mchezo huo. Akija kwetu alimtanguliza mama yake, yeye akajificha ili anishtue. Nilitazama nyuma ya bomba. Nikatazama nyuma ya choo, nikachungulia chini ya mkokoteni wa muuza mkaa. "Toka," nikasema, "nimekuona." Nikazunguka safu yote ya vyumba. Nikasema tena, "Njeri, toka bwana, nina habari yako." Wale jirani wapya walinitazama. Nikaona pengine ameingia ndani kwa nyuma nilipokuwa nikizunguka, nikarudi mbio nikicheka.

Ndani walikuwa wameketi wote wawili. Mama alikuwa ameushika mkono wa Mama Njeri, naye alikuwa akiutazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine.

"Njeri yuko wapi?" nikauliza.

Mama akaniita jina langu, polepole, kwa sauti ya kunizuia. Lakini Mama Njeri akasema, "Wacha aulize. Alikuwa rafiki yake." Akanigeukia. "Njeri alikufa, Zuhura. Hakukuwa na chakula huko tulipelekwa. Watoto walikuwa wanahara, wanaisha. Alikufa wakati mvua ilianza."

Nilisimama. Nakumbuka nilikuwa na jani la mwarobaini mkononi, sijui nililichuma wapi, na nililipasua vipande vipande. Nilihesabu kichwani mvua zilizopita, kwa akili yangu ya kitoto, na nikaona kwamba siku zile nilipoketi kizingitini nikimsema kwa Karani kwamba amenenepa na ametusahau, alikuwa amekwisha kufa. Au alikuwa anakufa. Sikujua lipi ni baya zaidi na mpaka leo sijui.

Sikulia. Nilikwenda uvunguni nikamtoa Karani. Nilijua sheria, Mama alinifundisha: mwenye amana akifa, inakwenda kwa warithi wake. Nilimleta mkononi, mzito, amelegea kwa usingizi, nikamweka mapajani mwa Mama Njeri. "Huyu hapa," nikasema. "Ni wako sasa."

Karani alimnusa vidole. Akanusa gauni. Halafu akaruka chini, akaenda kujisugua kwenye miguu ya Mama yangu, akaketi hapo. Hapo ndipo nilipolia. Niliwaambia yote, kwamba ni samli, kwamba ni mimi niliyempaka, kwamba alikuwa anawangoja mlangoni kila siku na mimi ndiye niliyemsahaulisha. Nilisema mpaka pumzi ikaniishia. Mama Njeri alisikiliza mpaka mwisho. Sidhani alielewa habari ya samli.

"Mimi sikuja kuchukua paka," akasema. "Nitaiweka wapi? Mimi nalala kwa watu. Nimekuja kuuliza kitu moja tu, halafu niende, karatasi yangu ya ruhusa ni ya leo tu."

"Uliza," Mama akasema.

Alikiweka kikapu chake chini. "Njeri alikuwa ananisumbua na hii paka. Hata kama hana nguvu ya kuongea, anauliza tu, Karani anakula nini. Sisi wenyewe hatuna, yeye anauliza ya paka. Sasa mimi nikamwambia, Karani yuko kwa Zuhura, anakula samaki. Kila siku samaki. Nilikuwa sijui. Nilikuwa nafikiri hiyo paka ilikufa kitambo. Nilisema tu, mtoto alale. Na akafurahi. Akasema basi yeye akirudi atapata Karani amekuwa mzungu." Alijipangusa uso kwa kitambaa chake. "Nilimdanganya mtoto wangu na akafa akiamini. Hiyo ndiyo inanisumbua. Nikasema nikipata ruhusa ya kuja Nakuru nitaenda kwa mama yake Zuhura niulize. Hii paka ilikuwa inakula nini?"

Mama aliinuka akaenda jikoni. Baba alikuwa amerudi na samaki mmoja tu wa ngege safari ile, mkubwa, tayari amekaangwa kwa ajili ya chakula cha usiku, na sote tulikuwa tumekwisha kugawana kichwani nani atapata mkia. Mama alimleta mzima. Alimtia kwenye sahani ya kabatini, zile za maua ambazo hata wageni wa kawaida hawakuzipata, akaiweka sakafuni mbele ya Mama Njeri.

Karani alikuja bila haraka. Alinusa, akazunguka upande wa pili, akaanza kula pale tumboni penye nyama laini, kama alivyozoea, akiacha miiba pembeni moja moja. Alikula mkia wake umelala chini, hana wasiwasi na mtu. Mama Njeri alishuka kitini akachuchumaa. Hakumgusa. Alimtazama tangu mwanzo mpaka paka alipoanza kuilamba sahani, na sote tulimngoja.

"Sikumdanganya," akamwambia Mama.

"Hukumdanganya," Mama akasema. "Wallahi ndivyo anavyokula siku zote."

Mama Njeri akasimama, akafunga kitambaa chake upya, akasema amechelewa na njia ni ndefu. Tulimsindikiza mpaka barabarani. Tuliporudi niliinama kuokota ile sahani, lakini Mama alininyang'anya, akaenda kuiosha mwenyewe, akakaa pale bombani na sahani moja mpaka wanawake waliokuja na ndoo zao wakaanza kupanga foleni nyuma yake, na hakuna aliyemwambia aondoke.